Boxing Day si siku ya ngumi, na mzazi wa Kilwa ana hoja

"Shikamoo mtaalamu. Nafundisha sekondari hapa Nachingwea na mimi ndiye ninayesimamia chemsha bongo ya shule kila mwisho wa muhula. Safari iliyopita mada ilikuwa asili ya sikukuu, tuzo na watu mashuhuri, na maswali manne yaliniharibikia. Mwanafunzi alijibu kwamba Boxing Day ni siku ya ngumi, jaji akampa alama, ukumbi ukazomea. Niliuliza kwa nini Nobel alianzisha tuzo zake, jibu nililolitoa mtandaoni likiwa kwamba alisoma tanzia yake mwenyewe gazetini. Mwalimu wa fizikia akasema huo ni uzushi. Kuhusu Siku ya Wanawake nilitoa jibu la mgomo wa New York wa mwaka 1857, nikaambiwa haukuwahi kutokea. Mwisho niliuliza 'Nani alianzisha Vita ya Maji Maji?', jibu likiwa Kinjikitile. Mzazi mmoja mwenyeji wa Kilwa akasimama, akasema vita ilianzishwa na watu wa Nandete waliong'oa pamba, na kwamba tunawapora wazee wake. Muhula huu naogopa kurudia mada. Nitajuaje asili ipi ni ya kweli, na swali niliandikeje lisilete ugomvi?"

Marahaba, Mwalimu. Nikikusoma vizuri, majibu unayo tele. Hofu yako ni kusimama mbele ya wanafunzi na jibu ambalo mtu wa safu ya nyuma anaweza kulipangua kwa sentensi moja. Basi nikupe mbichi na mbivu mapema. Jibu la ngumi si sahihi. Mgomo wa 1857 si sahihi. Tanzia ya Nobel ni nusu kweli, na ile nusu isiyo kweli ndiyo inayopendwa zaidi. Ama la Maji Maji, hapo jibu halina kosa kubwa. Swali lenyewe ndilo bovu, na mzazi yule alikuwa na haki ya kusimama.

Ugomvi wa namna hii hutokea kwa sababu neno "asili" linabeba mizigo mitatu ambayo tumezoea kuifunga kamba moja. Kuna tukio: jambo lililotokea siku fulani mahali fulani. Kuna tamko: siku ambayo bunge, serikali, chama au mkutano ulisema kuanzia sasa tunaadhimisha. Halafu kuna simulizi: maelezo yanayokuja baadaye, mara nyingi miaka mingi baadaye, kujibu watoto wanaouliza "kwa nini?" Tukio na tamko huacha karatasi au mashahidi. Simulizi huacha ladha nzuri mdomoni, na kwa sababu hiyo husafiri haraka kuliko wenzake.

Chukua Saba Saba. Tukio ni kuzaliwa kwa TANU Dar es Salaam, tarehe 7 Julai 1954, pale chama cha TAA kilipobadilishwa kuwa chama cha siasa. Baada ya uhuru siku hiyo ikawa sikukuu, na kwa miaka mingi ikabebeshwa pia jina la Sikukuu ya Wakulima. Nchi iliporudi kwenye vyama vingi kwa sheria ya mwaka 1992, kuendelea kuadhimisha siku ya kuzaliwa chama kimoja kama siku ya taifa zima kulikuwa na ugumu wake. Katika miaka hiyo ya 1990 wakulima wakapewa 8 Agosti, nayo Saba Saba ikabaki na maonyesho ya biashara. Tarehe ya Nane Nane ilichaguliwa kwa mlio wake, nane ya mwezi wa nane kama saba ya mwezi wa saba. Usitafute vita wala shujaa nyuma yake. Kwa hiyo babu anayesema Saba Saba ni ya wakulima na mjukuu aliyerudi juzi kutoka viwanja vya Ngongo pale Lindi anayesema ya wakulima ni Nane Nane wote wako sawa, kila mmoja kwa zama zake. Swali lisilotaja mwaka litawagombanisha bure.

Sasa tuingie kwenye yako.

Boxing Day ni jina la Kiingereza la tarehe 26 Desemba, na "box" inayokusudiwa ni sanduku. Uingereza, tangu karne ya 17, watumishi wa nyumbani, vijana wa madukani na wapeleka mizigo walipewa wakati wa Krismasi zawadi au fedha iliyoitwa "sanduku la Krismasi". Makanisani nako kulikuwa na masanduku ya sadaka ya maskini, na tarehe 26 ndiyo sikukuu ya Mtakatifu Stefano, ambaye katika Matendo ya Mitume ni mmoja wa wale saba waliochaguliwa kuhudumia wahitaji. Watumishi walikuwa kazini Krismasi yenyewe wakiwapikia mabwana, siku iliyofuata wakaachiwa kwenda kwao na sanduku mkononi. Sheria ya mwaka 1871 ikaifanya kuwa siku ya mapumziko Uingereza, na utawala wa Waingereza ukaileta Tanganyika pamoja na kalenda yao. Tukaipokea siku na jina. Sanduku likabaki njiani.

Hata hivyo mwanafunzi wako hakuokota jibu lake hewani. Kila 26 Desemba nchini kuna mapambano ya ngumi, mabango yake hubandikwa wiki mbili kabla, na neno kwenye bango ni lilelile. Kuna na jibu la pili utakalolisikia, kwamba ni siku ya kufungua maboksi ya zawadi mlizopeana jana yake. Hilo limekaribia zaidi, lakini limegeuza mwelekeo: sanduku lilitoka kwa tajiri likaenda kwa mtumishi, na lilikuwa la kutoa, si la kufungua sebuleni. Ukitaka swali zuri hapa, uliza: "Katika jina Boxing Day, neno la kwanza linarejelea kitu gani?" Jibu: sanduku. Neno moja, jaji hana pa kuteleza.

Nobel anahitaji subira kidogo. Alfred Nobel alikuwa Mswidi aliyepata hataza ya baruti yake, dinamiti, mwaka 1867. Ugunduzi wake ulikuwa wa kutuliza. Nitrogliserini, kiini cha dinamiti, ni kimiminika cha kulipuka kilicho chepesi kukasirika. Mwaka 1864 mlipuko katika karakana ya familia yao Stockholm ulimuua mdogo wake Emil pamoja na wengine. Alfred akaichanganya na udongo mwepesi wenye vinyweleo unaokifyonza kimiminika hicho, ikawa rojo linaloweza kufinyangwa na kusafirishwa, lisilolipuka hadi lichokozwe kwa kiwasho maalumu. Wateja wakubwa walikuwa wachimba migodi, wajenzi wa reli na wachonga mahandaki. Kwa pwani yetu, ambako neno baruti humkumbusha mtu matumbawe yaliyobomolewa na samaki waliokufa wakielea, hili linafaa kusemwa: kilichomtajirisha kwanza kilikuwa miamba, kabla ya maiti.

Kuhusu tanzia, lililothibitika ni hili. Kaka yake Ludvig alifariki Cannes, Ufaransa, Aprili 1888. Gazeti la Le Figaro la Paris likachanganya ndugu wawili, likachapa habari fupi kwamba amefariki Nobel, mvumbuzi wa dinamiti, mtu ambaye kwa shida angeweza kuitwa mfadhili wa binadamu, kisha likasahihisha. Hapo tuko kwenye ardhi ngumu. Lakini kile kichwa cha habari kinachonukuliwa kila mahali, "Mfanyabiashara wa kifo amekufa", hakijaonekana katika gazeti lolote la siku zile. Na Nobel hakuacha barua wala daftari linalosema, "nilisoma habari ile nikaamua kuanzisha tuzo." Kati ya Aprili 1888 na wosia wake wa mwisho ipo miaka saba na zaidi. Mwalimu wa fizikia kwa hiyo amezidisha kidogo anaposema ni uzushi, na wewe ulizidisha uliposema ndiyo sababu. Kosa la gazeti ni tukio. Kulifanya kuwa sababu ya tuzo ni simulizi.

Kwa Tuzo ya Amani yuko mtu mwenye ushahidi mzito kuliko gazeti lile: Bertha von Suttner, mwanamke wa Austria aliyefanya kazi kwa Nobel Paris kwa muda mfupi mwaka 1876, akawa mpigania amani mashuhuri, na wakaandikiana barua hadi mwisho wa maisha ya Nobel. Barua zipo. Yeye mwenyewe alipewa tuzo hiyo mwaka 1905.

Maswali salama kuhusu Nobel yamo ndani ya wosia, uliotiwa saini Paris tarehe 27 Novemba 1895. Uliagiza tuzo tano: fizikia, kemia, tiba, fasihi na amani. Ya uchumi haimo. Iliundwa na benki kuu ya Sweden mwaka 1968 kwa kumbukumbu yake, ikatolewa mara ya kwanza 1969. Nne za mwanzo alizikabidhi taasisi za Sweden, ya amani akaikabidhi kamati ya watu watano wanaochaguliwa na bunge la Norway, nchi ambayo wakati huo ilikuwa kwenye muungano na Sweden. Ndiyo maana hadi leo hutolewa Oslo. Alifariki 10 Desemba 1896, na tarehe hiyo ndiyo ya sherehe kila mwaka tangu 1901. Mtu akikuletea kisa kwamba hisabati haina Nobel kwa sababu mke wa Nobel aliibiwa na mwanahisabati, muulize mke gani. Nobel hakuoa.

Nikiwa hapo hapo: usiulize "Mtanzania wa kwanza kupata Nobel ni nani?" Abdulrazak Gurnah, mshindi wa fasihi wa mwaka 2021, alizaliwa Zanzibar 1948, wakati Tanzania haijazaliwa, na alishinda akiwa raia wa Uingereza. Utafungua mjadala wa uraia ukumbini saa kumi jioni na watoto wana njaa. Uliza: "Mwandishi gani mzaliwa wa Zanzibar alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021?"

Siku ya Wanawake inatufundisha zaidi kuliko zote, kwa sababu simulizi yake imesomwa kwenye risala nyingi kiasi kwamba kuikana huonekana utovu wa adabu. Simulizi inasema wanawake wa viwanda vya nguo New York waligoma 8 Machi 1857, polisi wakawapiga, na siku ikatokana nao. Watafiti walioutafuta mgomo huo katika kumbukumbu za wakati ule hawakuukuta. Habari yake inaanza kuonekana Ufaransa katika miaka ya 1950, karibu karne nzima baada ya jambo linalodaiwa.

Kilichotokea ni hivi. Agosti 1910, Copenhagen, mkutano wa kimataifa wa wanawake wa vyama vya kisoshalisti ulikubali pendekezo la Clara Zetkin na wenzake la kuwa na siku ya wanawake kila mwaka. Pendekezo halikutaja tarehe. Ya kwanza iliadhimishwa 19 Machi 1911, Ujerumani, Austria, Denmark na Uswisi. Sasa njoo Urusi, mwaka 1917: wanawake wafanyakazi wa Petrograd waligoma na kuandamana siku yao wakidai mkate, mgomo ukavimba, na ndani ya wiki moja mfalme akaachia kiti. Kwenye kalenda ya Urusi ya wakati huo siku ile ilikuwa 23 Februari. Kwa kalenda tunayoitumia sisi ilikuwa 8 Machi.

Hizo siku 13 za tofauti wafafanulie wanafunzi vizuri, maana zitawafaa kwenye maswali mengine pia. Kalenda ya zamani ya Warumi, ya Julius Caesar, iliweka mwaka mrefu kila baada ya miaka minne bila kuacha hata mmoja. Mwaka wa jua ni mfupi kuliko hesabu hiyo kwa dakika kama 11. Dakika 11 kila mwaka hujikusanya kuwa siku nzima kila miaka 128 au karibu na hapo. Mwaka 1582 Papa Gregory XIII alikata siku 10 na kuagiza miaka ya karne, kama 1700, 1800 na 1900, isihesabiwe kuwa mirefu isipogawanyika kwa 400. Urusi haikufuata hadi Februari 1918, na kufikia hapo pengo lilikuwa limefika siku 13. Ndiyo sababu Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi huadhimishwa Novemba, kitu ambacho wanafunzi wengi hudhani ni kosa la uchapaji.

Umoja wa Mataifa ulianza kuiadhimisha 8 Machi mwaka 1975, na azimio la Baraza Kuu la mwaka 1977 likaalika kila nchi kuchagua siku kwa mujibu wa historia na desturi zake.

Mei Mosi haina matata: tukio ni mgomo wa Marekani wa 1 Mei 1886 wa kudai siku ya kazi ya saa nane, na ghasia za Chicago zilizofuata siku chache baadaye, tamko ni mkutano wa wasoshalisti wa Paris wa 1889. Swali tamu ni kwamba Marekani yenyewe, palipotokea tukio, huadhimisha siku ya wafanyakazi Jumatatu ya kwanza ya Septemba.

Nimeiacha Maji Maji hadi hapa kwa sababu ndiyo yenu, na ndiyo inayoweza kuumiza mtu.

Mwaka 1904, Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alijulikana kuwa mtu aliyepandwa na pepo Hongo. Simulizi za wazee zinasema alizama mtoni akaibuka siku iliyofuata akiwa mkavu. Watu walimiminika kwake kuchukua dawa, maji yaliyochanganywa na mbarika na mtama, kwa imani kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Ujumbe wake mkubwa, pengine mkubwa kuliko dawa, ulikuwa umoja: makabila yaliyokuwa yakivamiana yalikunywa kitu kimoja. Lakini kwa simulizi zilizokusanywa kwa wazee mwaka 1968 katika mradi wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa akiwaambia watu wasubiri. Waliochoka kusubiri ni Wamatumbi. Tangu 1902 serikali ya Kijerumani ilikuwa ikiwalazimisha watu kulima pamba kwenye mashamba ya pamoja, kwa malipo ya aibu au bila malipo, wakati mashamba yao ya chakula yakimea magugu na kuliwa na nguruwe. Julai 1905, pale Nandete, waliingia shamba la pamba wakang'oa mashina. Ilikuwa njia ya kutangaza vita bila tarumbeta. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Mohoro. Vita ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Ikaendelea hadi 1907.

Tazama na ramani. Ngarambe na Mohoro leo ziko Rufiji, Mkoa wa Pwani. Nandete iko Kilwa, Mkoa wa Lindi. Swali lako lilisema "alianzisha", na kitenzi hicho kimoja kilifuta wilaya nzima. Kinjikitile alieneza dawa na imani iliyowaunganisha watu. Watu wa Nandete walifanya kitendo cha kwanza cha vita. Mzazi yule alikuwa anatetea tukio wakati wewe ulikuwa unauliza kuhusu mtu aliyelipa tukio jina. Mkikutana na Mngoni wa Songea atawaambieni habari nyingine: kwao kumbukumbu kubwa ni 27 Februari, siku ya mwaka 1906 ambayo viongozi wao walinyongwa. Yeye naye hajakosea.

Ningeligawa swali hilo mara tatu. "Kitendo gani cha Julai 1905 huko Nandete, katika Wilaya ya Kilwa ya leo, kilifungua Vita ya Maji Maji?" "Mganga gani wa Ngarambe alieneza dawa iliyoipa vita hiyo jina?" "Zao gani la kulazimishwa lilichochea vita hiyo?" Na idadi ya waliokufa usiiulize kabisa kwa kutaka namba moja. Wajerumani walikadiria watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alifikia kati ya 250,000 na 300,000, kwa kuwa wengi waliuawa na njaa baada ya askari kuchoma mazao na maghala.

Sasa namna ya kuandaa. Kwa kila swali tengeneza kadi moja, karatasi ya A4 iliyokatwa mara nne inatosha. Juu andika swali. Chini yake andika kama unauliza tukio, tamko au simulizi. Ukishindwa kuamua, swali halijaiva. Kisha jibu kamili, halafu majibu mengine yanayokubalika, halafu jibu la kosa unalolitegemea na kwa nini ni kosa, ili jaji asibabaike. Mstari wa mwisho ni chanzo: kitabu na ukurasa, au jina la taasisi. Jaji asimame na kadi, asisimame na kumbukumbu.

Vyanzo viwe viwili visivyonakiliana, na hapa ndipo walimu wengi huanguka. Kurasa tano za mtandao zenye sentensi ileile ni chanzo kimoja kilichovaa kanzu tano. Kuzitambua si kazi: tafuta kosa moja dogo, jina lililoandikwa vibaya au tarehe ya ajabu, uone kama linajirudia kote. Likijirudia, wamenakiliana. Kisha jiulize chanzo cha zamani kuliko vyote kimeandikwa lini. Kikiwa kimezaliwa zaidi ya miaka 90 baada ya tukio, kama ule mgomo wa 1857, weka kalamu chini. Na jihadhari na kisa kilichokaa sawa kupita kiasi: mtu mmoja, asubuhi moja, gazeti moja, na maisha yakageuka. Maisha ya watu hayageuki hivyo mara nyingi, lakini hadithi hugeuka hivyo kila siku.

Ukipata swali lenye ubishi wa kweli, lenye wataalamu pande mbili, lisiwe la alama. Liweke mwisho liwe la mjadala. Mfano mzuri ni Livingstone na Mikindani. Alifika ghuba ya Mikindani 24 Machi 1866 mwanzoni mwa safari yake ya mwisho, hilo liko kwenye shajara zake na linafaa kwa alama. Nyumba ipi alilala ni mazungumzo ya jioni.

Vivyo hivyo na nchi: 9 Desemba 1961 ni uhuru wa Tanganyika. Muungano ni 26 Aprili 1964, na jina Tanzania lilianza kutumika Oktoba mwaka huo. "Tanzania ilipata uhuru lini?" ni swali la mitaani, lisiwe la shuleni. Na 14 Oktoba ni siku aliyofariki Mwalimu Nyerere, mwaka 1999 London. Alizaliwa 13 Aprili 1922. Kila mwaka kuna shule inakosea hili.

Sikukuu za Kiislamu usizipe tarehe ya kalenda ya ukutani. Idi hufuata mwandamo, na tarehe iliyochapwa Januari ni makadirio. Uliza kwa miezi yake. Hapo una hazina ambayo vijana wanaisahau: Waswahili wa pwani huhesabu miezi kuanzia kwisha kwa Ramadhani, Mfungo Mosi, Mfungo Pili, na kuendelea. Kwa hiyo Maulidi, ambayo ni ya mwezi wa tatu kwa hesabu ya Kiarabu, Rabiul Awwal, kwetu iko Mfungo Sita. Uliza kwa nini mwezi wa tatu unaitwa wa sita, uone watakaonyoosha mikono. Kadi za sehemu hii mpelekee sheikh wa msikiti ulio karibu azipitie kabla, kama ambavyo za Pasaka ungempelekea padri au mchungaji.

Na ukitaka swali la kwenu litakaloacha watu midomo wazi, nenda Tendaguru, kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya mijusi ya kale, yaani dinosaria, zaidi ya tani 200, ikabebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi hadi bandari ya Lindi. Mjusi mkubwa aliyesimamishwa Berlin, urefu wake kwenda juu zaidi ya mita 13, amebeba jina la Branca, mkurugenzi wa makumbusho ya kule. Mjusi mwingine mdogo wa hapo hapo alipewa jina la Lettow-Vorbeck, kamanda wa kijeshi. Msimamizi Mwafrika aliyeongoza kazi ya kuandaa mifupa, Boheti bin Amrani, alingoja hadi 2007 ndipo mjusi mmoja akaitwa *Australodocus bohetii*. Hapo una swali la tuzo, la mtu mashuhuri na la asili ya jina kwa pamoja, na kila kipande kina karatasi.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kukusaidia. Jambo likigusa ukoo, nani alikuwa wa kwanza kushika jembe Nandete, nani alikuwa msaidizi wa nani Ngarambe, kaburi la nani liko wapi, usiamue kwa mtandao wala kwa mimi. Anzia kwa afisa utamaduni wa wilaya husika, atakuelekeza kwa wazee wanaotambuliwa. Karatasi za Kijerumani na za Kiingereza ziko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Nenda na barua ya utambulisho ya shule na orodha fupi ya unachotafuta, maana ukienda na "habari za Maji Maji" utarudi mikono mitupu. Makumbusho ya Maji Maji yako Songea. Nandete kwenyewe kuna mnara, na njia ni kuacha barabara kuu pale Njia Nne kupandia Kipatimu. Nendeni kiangazi, milima ya Umatumbi haina mzaha mvua zikinyesha.

Ila kabla ya safari zote hizo, mtafute yule mzazi. Mpelekee yale maswali matatu mapya ya Maji Maji kwenye kadi, umwombe ayasome na kukwambia kipi kimepinda, na umuulize kama atakubali kukaa meza ya majaji muhula huu kwa sehemu hiyo.